Mimea ya ndani ya kusafisha hewa: upi uchukue na upi uuache

Mtu akitaka kununua mmea wa kuweka ndani siku hizi swali la kwanza ni lile lile, upi unasafisha hewa zaidi? Na majibu yako kila kona, sneki planti namba moja, pisi lili namba mbili, areka namba tatu, utafikiri ni ligi. Mi nimeishi na mimea ndani miaka kadhaa, mingine nimeipoteza, mingine saivi imenizidi urefu, na kiukweli nimefika mahali nachagua kwa vigezo tofauti kabisa na hiyo ligi, kwaiyo acha niilinganishe wazi wazi ili anayetaka kuchagua achague akijua anapata nini na anakosa nini.

Tuanze na hiyo orodha ilikotoka maana ndo mzizi wa mambo yote. Mwaka 1989 NASA, lile shirika la anga la Marekani, kwenye kituo chao cha Stennis kule Mississippi, mtafiti B. C. Wolverton na wenzake walichukua mimea ya mapambo wakaiweka kwenye masanduku angavu yaliyofungwa pande zote, wakaingiza kemikali tatu humo, benzini, fomaldehaidi na trikloroethilini, alafu baada ya masaa 24 wakapima zimebaki kiasi gani. Zilipungua kweli. Lakini wale walikuwa wanawaza vyombo vya anga na majengo yaliyozibwa kabisa, sehemu ambazo huwezi kuamka asubuhi ukafungua dirisha. Majina ya ile mimea yakatoka kwenye sanduku yakaja moja kwa moja kwenye vyumba vyetu, na chumba sio sanduku, hewa inapita chini ya mlango, inapita kwenye nyufa za dirisha, kila ukitoka na kuingia hewa inabadilika.

Sasa mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa chuo kikuu cha Drexel kule Philadelphia wakazikusanya tafiti 12 zenye majaribio 196, wakayageuza matokeo yote kuwa kipimo kimoja, alafu wakayalinganisha na jinsi hewa inavyobadilika yenyewe ndani ya jengo la kawaida. Jibu lao ni kwamba ili mimea ifanye kazi sawa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe unahitaji kati ya mimea 10 na 1000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Hebu piga hesabu ya chumba cha mita 4 kwa 4, hizo ni mita za mraba 16, kwa ule upande mwepesi kabisa wa makadirio ni vyungu 160. Mia na sitini! Chumba kimoja. Hapo hata pa kupitisha mguu hapapo.

Na kuna jingine ambalo mi ndo lilinimaliza kabisa. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Washington walitengeneza pothosi, ule mmea wa ndani unaotambaa, yenye jeni (chembe ya urithi) ya sungura ndani yake, ile inayotengeneza protini ya kuvunja vunja sumu kama benzini na klorofomu, wakaiweka kwenye vichupa pamoja na hizo gesi na kweli gesi zikashuka sana. Lakini pembeni waliweka pothosi za kawaida, hizi hizi tunazonunua, ili walinganishe, na kwenye hizo gesi hazikushuka. Hata hiyo yenye jeni ya sungura walisema ukitaka ikufae nyumbani lazima uwe na kitu cha kusukuma hewa ipite kwenye majani, feni kwa mfano, maana mmea umekaa kimya kwenye kona na hewa chafu haina sababu ya kuufuata kule.

Kwaiyo nikisema "mmea huu unasafisha zaidi ya ule" ndani ya chumba cha kawaida naongelea tofauti ambayo pua yako haitaijua wala kipimo cha kawaida hakitaiona. Usinielewe vibaya, mi napenda mimea na siwezi kukaa nyumba isiyo na mmea, na kuna mambo inayafanya kweli. Majani yanashika vumbi. Yanatoa mvuke kwahiyo hewa kavu inakuwa afadhali kidogo. Na udongo wa kwenye chungu una bakteria wanaokula baadhi ya hizo kemikali, hili hata Wolverton aliliona, mmea ukiunyonyoa majani yote na kubaki chungu na udongo wake bado benzini ilikuwa inapungua, watu wengi hawalijui hili wanadhani kazi yote ni ya majani. Ila mmea uliokufa haufanyi lolote kati ya hayo, na mmea unaooza ni mbaya zaidi, udongo unaota ukungu, vijidudu vidogo vyeusi vinaanza kuruka ruka, na ukungu huo unaurusha kwenye hewa ile ile uliyotaka kuisafisha. Ndo maana kigezo changu cha kwanza ni kimoja tu, huu mmea utaishi hapa kwangu au hautaishi?

Dirisha, mashine au mmea

Hapa napita haraka. Kwa gesi, iwe harufu ya rangi mpya, gundi ya kabati jipya la mbao za kubandikwa, dawa ya kupuliza wadudu, dirisha linaishinda mimea yote kwa mbali. Fungua mawili yanayotazamana, dakika kumi na tano hewa imebadilika. Mbao zile za unga uliogandishwa kwa gundi ndo zinatoa fomaldehaidi, na zinaendelea kutoa kwa miezi, kwaiyo fenicha mpya ikiingia madirisha yawe wazi kadri unavyoweza. Kwa vumbi na moshi, kama nje pia kuna moshi au barabara iko karibu, hapo mashine yenye chujio la HEPA ndo mshindi, chujio la kiwango hicho linakamata asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikromita 0.3, ila ujue chujio hilo peke yake halishiki gesi, kwa gesi lazima mashine iwe na mkaa maalumu ndani. Mmea ni wa tatu kwenye mashindano haya, tena kwa mbali.

Alafu kuna hili ambalo naliweka kwa herufi nzito kwenye kichwa cha kila mtu. Moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, ile kaboni monoksaidi, haina harufu na haina rangi na inaua mtu akiwa usingizini, na HAKUNA mmea wa kukuokoa nayo, hakuna, hata ujaze nyumba nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria hewa chafu ya majumbani, hasa ya majiko ya kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kwenye chumba chenye jiko la hivyo hatuongelei mmea, tunaongelea jiko kutoka nje.

Haya, twende kwenye mimea yenyewe sasa.

Sneki planti na ZZ

Hizi mbili nazishindanisha kwa sababu zinanunuliwa na watu wa aina moja, wenye kazi nyingi, wanaosafiri, wanaosahau kumwagilia. Sneki planti ni ule wa majani marefu yamesimama wima kama mapanga, wengi wana kingo za njano. Kitaalamu ilikuwa Sansevieria saivi imehamishiwa kwenye jamii ya Dracaena. ZZ ni ule wenye vijani vinene vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta, vimepangana pande mbili za bua.

Kwa maji zote mbili ni ngamia. ZZ ina viazi chini ya udongo vinavyohifadhi maji, ukiing'oa utaviona vimebanana kama viazi mviringo, na sneki planti maji yake yako kwenye majani yenyewe. Wiki tatu bila maji hazijali. Na kinachoziua zote mbili ni huruma, yaani mtu anaona mmea umenyamaza siku kumi anaona aibu anaumwagilia, kesho tena, baada ya mwezi ukivuta jani la sneki planti linatoka lenyewe mkononi, chini limekuwa laini, lina maji maji na harufu mbaya. Hilo halirudi. Nimelivuta jani la namna hiyo kwa mkono wangu na nakumbuka hadi leo ile harufu, kama maji ya maua yaliyokaa wiki mbili kwenye vase.

Kwa mwanga ndo zinatofautiana kidogo. ZZ inakaa kwenye kona yenye mwanga hafifu vizuri kuliko sneki planti, sneki planti gizani haifi haraka ila inasimama, haitoi jani jipya mwaka mzima. Na hapa niseme kitu, wauzaji wakisema "unavumilia giza" maana yake hautakufa haraka, sio kwamba unapenda. Mmea ambao haupati mwanga haufanyi kazi, na kama haufanyi kazi hata hicho kidogo cha kusafisha hakipo.

Sasa kuna hili la usiku. Sneki planti ni kati ya mimea inayofungua vitundu vya majani usiku badala ya mchana ili isipoteze maji, hiyo ni kweli, na kutokana na hapo watu wakatunga kwamba inakupa oksijeni ukilala, weka sita kitandani utalala kama mtoto. Ile inachofanya usiku ni kuvuta kaboni daioksidi na kuihifadhi, na kiasi chake ni kidogo sana ukilinganisha na mtu mzima ambaye anatoa kama kilo 1 nzima ya kaboni daioksidi kwa siku. Kwa mantiki hiyo hiyo wale wanaoogopa kwamba mmea chumbani usiku utawamalizia oksijeni nao watulie, mtu unayelala naye kitanda kimoja anatumia oksijeni nyingi mno kuliko vyungu vyote ulivyonavyo na hujawahi kumfukuza chumbani.

Kati ya hizo mbili nachukua sneki planti kama kuna dirisha, ZZ kama dirisha liko mbali. Kwa uzuri wa macho ZZ inanikosha zaidi, ila hilo ni langu. Zote mbili zina kitu cha kumdhuru mtoto au mnyama akitafuna, nitarudi huko.

Pothosi na spaida

Pothosi, wengine wanaita mani planti, ni ule unaotambaa na kuning'inia wenye majani ya umbo la moyo. Spaida ni ule wa majani membamba kama nyasi, mara nyingi una mstari mweupe katikati, na ukikua unatoa vikonyo virefu vyenye watoto wanaoning'inia mwishoni kama buibui kwenye uzi. Zote zinafaa kuning'inizwa, zote zinakua haraka, zote ni rahisi kuzigawa ukapata nyingine bila kununua.

Ukitaka kuona kitu kizuri kata kipande cha pothosi chini kidogo ya kifundo, kile kivimbe cha kahawia kwenye shina, weka kwenye glasi ya maji dirishani. Siku ya nane au ya tisa hivi kile kifundo kinapasuka kidogo na ncha nyeupe inachungulia, wiki ya tatu mizizi imejaa glasi. Nimefanya hivyo mara nyingi sana na kila mara nainama kuangalia kama ndo mara ya kwanza.

Spaida ni rahisi zaidi, yule mtoto anayening'inia tayari ana vimizizi, unamgusisha tu udongo.

Shida ya spaida ni ncha za majani kuwa kahawia. Watu wanadhani ni kiu wanaongeza maji na inazidi. Mara nyingi ni chumvi na floridi iliyoko kwenye maji ya bomba, inajikusanya kwenye ncha za majani. Ushauri unaozunguka ni uache maji kwenye ndoo usiku mzima yatulie, hiyo inasaidia kupunguza klorini ila floridi haiondoki kwa kusubiri, inabaki mle mle, kwaiyo kama unaweza kukinga maji ya mvua tumia hayo, au mara moja moja mwagilia maji mengi sana hadi yatiririke chini kwa muda yaondoke na chumvi. Mi nilihangaika na makasi nikikata ncha kila jumapili miezi minne kabla sijajaribu maji ya mvua, majani yaliyotoka baada ya hapo yakatoka safi hadi nchani.

Pothosi haina shida hiyo, yenyewe inachotaka ni ukauke udongo kidogo kati ya maji na maji. Ile yenye madoa meupe au ya njano ukiiweka gizani inageuka kijani tupu, sio ugonjwa, inatafuta mwanga kwa nguvu. Inaanza kutoa majani madogo madogo yenye nafasi ndefu katikati, ukiona hivyo isogeze karibu na dirisha.

Kwa nyumba yenye paka au mtoto anayetambaa spaida inashinda bila ubishi, haina sumu kwa paka wala mbwa. Paka wanaipenda sana kuitafuna, mmea utachakaa ila paka hatadhurika zaidi ya pengine kutapika kidogo akila mengi. Kwa nyumba isiyo na hao pothosi inashinda, inasamehe zaidi.

Pisi lili na kangaga

Hawa wote ni wapenda maji. Wote ni wazuri kupita kiasi. Kwenye kutoa mvuke wako juu, kwaiyo kama hewa ya chumba chako ni kavu, midomo inapasuka, eisii inawaka siku nzima, kundi hili ndo la kuangalia.

Pisi lili ni yule mwenye majani mapana ya kijani kizito na kile kitu cheupe kama tanga la ngalawa ambacho wengi tunaita ua, kumbe ni jani lililobadilika, maua yenyewe ni vile vipele vidogo kwenye kijiti cha katikati. Uzuri wake mkubwa kwa anayeanza ni kwamba anasema. Akiwa na kiu analala kabisa, majani yote chini, ukiingia unaweza kudhani amekufa, mpe maji na baada ya masaa machache amesimama. Ila asizoeshwe hivyo, kila akilala kuna majani anapoteza pembeni. Na shida inakuja kwamba akimwagiliwa kupita kiasi mizizi ikaoza analala vile vile! Dalili moja, sababu mbili zinazopingana. Wa kwangu wa kwanza alikufa kwa hilo, nilimwona amelala nikampa maji, akalala tena nikaongeza, kumbe chungu nilichopewa nae hakikuwa na tundu chini na maji yalikuwa yamejaa kule ndani kama kisima. Toka siku hiyo kabla sijamwagilia lili naingiza kidole hadi kiungo cha pili, kidole kikitoka na udongo uliong'ang'ania siongezi hata tone, naangalia mizizi kwanza.

Kangaga, hili la majani marefu yenye vijani vidogo vingi linaloning'inia kama nywele, Nephrolepis, kwenye kazi za baadaye za Wolverton ndo lilikuwa linasifiwa sana kwa fomaldehaidi. Ni zuri mno na ni gumu mno. Likikauka siku mbili tu halilali likakuamsha kama lili, linapukutisha, unafagia vijani vya kahawia asubuhi na jioni, na sehemu iliyokauka hairudi kijani. Linataka unyevu kwenye udongo na kwenye hewa. Bafuni kwenye dirisha linakaa vizuri sana, sebuleni chini ya eisii linateseka. Kama hujawahi kufuga mmea usianze na kangaga nakusihi, utajiona huna mkono wa mimea na sio kweli.

Kwa usalama ni kinyume cha ugumu wake, kangaga hili halina sumu kwa paka na mbwa, pisi lili anayo.

Areka na mpira

Hapa ni kwa mwenye nafasi na mwanga, maana hii ni miti. Areka asili yake Madagascar, ina mashina mengi membamba kama ya mianzi na makuti laini, ukiiweka kwenye kona sebule inabadilika kabisa. Mpira ni ule mti wa Ficus elastica wa majani mapana mazito yanayong'aa, mengine rangi ya damu ya mzee.

Areka inataka mwanga mwingi ila usiochoma moja kwa moja, inataka maji ya mara kwa mara, na makuti yakianza njano kote mara nyingi ni mwanga au maji. Inashambuliwa sana na utitiri ule mwekundu mdogo sana hasa hewa ikiwa kavu, utaona kama vumbi na utando mwembamba chini ya makuti, oga nayo, yaani iingize bafuni uisafishe kwa maji majani yote juu na chini. Mpira ni mtulivu zaidi, udongo wa juu ukauke ndo uumwagilie, usiuhamishe hamishe, ukihamishwa unaangusha majani.

Kwa vumbi mpira ndo chaguo langu kuliko mmea wowote humu. Jani moja ni pana kama kiganja cha mtu mzima au zaidi, laini, unalifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo huku mkono mwingine umelishika kwa chini. Jaribu kwenye mti ambao haujafutwa mwezi mmoja na nyumba iko karibu na barabara, kitambaa kinatoka na mstari mweusi mzito, na hilo vumbi lingekuwa linazunguka kila feni ikiwashwa. Hii ndo kazi ya kusafisha ambayo unaiona kwa macho yako mwenyewe, ila angalia, ni wewe na kitambaa mnaoimaliza, usipofuta jani likijaa halishiki tena vizuri na mwanga hauingii. Areka kufuta kuti moja moja ni kazi ya siku nzima.

Mpira ukikatwa unatoa utomvu mweupe, unawasha ngozi kwa baadhi ya watu na hasa wenye aleji ya vifaa vya mpira wawe makini. Areka haina shida, wanyama wakitafuna ni salama.

Kuna alovera pia, watu wananiuliza. Ni mmea mzuri dirishani kwenye jua, kwa hewa usitegemee kitu, na kwa paka na mbwa sio salama.

Nani anaishi humo ndani

Hili wengi hawaliulizi dukani na mi naona ndo lingekuwa la kwanza. ZZ, pothosi na pisi lili zote zina fuwele za kalsiamu oksaleti, ni kama vijisindano vidogo sana visivyoonekana ndani ya jani, mtoto au paka akitafuna vinamchoma mdomoni na kooni, mate yanamtoka, midomo inavimba, analia. Mara nyingi sio kitu cha kuua, uchungu wenyewe unamfanya ateme, ila ukiona anavimba au anapumua kwa shida ni hospitali hapo hapo. Sneki planti ina saponini, inaleta kichefuchefu na kutapika. Uvumi kwamba ZZ inaleta kansa ukiigusa ni uongo, gusa, osha mikono ukimaliza kuikata basi.

Na kwa wenye paka nisisitize, pisi lili sio lili wa kweli. Lili wa kweli, wale wa maua makubwa ya kukatwa wanaonukia wanaowekwa kwenye vase, hao wanaua paka, wanaharibu figo, hata ile poda ya ua au maji ya vase yanatosha. Pisi lili atamuumiza paka mdomo, lili wa kweli atammaliza.

Sasa nikiambiwa nichagulie nachagua hivi. Hujawahi kuwa na mmea, unatoka asubuhi unarudi usiku, dirisha lipo, chukua sneki planti moja na pothosi moja, sio sita. Una mtoto wa kutambaa au paka na mwanga unao, spaida juu na areka kwenye kona. Uko karibu na barabara yenye vumbi na uko tayari kufuta kila wiki, mpira. Hewa ni kavu na wewe ni mtu wa kukumbuka maji, pisi lili, na kama bafu lina dirisha kangaga humo.

Kabla hujanunua chochote simama saa sita mchana pale unapotaka kuuweka mmea, zima taa, nyoosha mkono juu ya karatasi nyeupe. Kivuli kikiwa na kingo kali hapo karibu mmea wowote utaishi, ingawa jua likipiga moja kwa moja lili na kangaga wataungua. Kivuli kikiwa cha ukungu ukungu, pothosi, spaida, lili, sneki planti wote sawa. Kivuli kisipoonekana kabisa lakini bado unaweza kusoma maandishi bila taa, hiyo ni ya ZZ. Usipoweza kusoma, weka mmea sehemu nyingine.

Mgumu kuliko wote ni mwenye chumba chenye giza na ana paka, maana ZZ imeshatoka na spaida itadumaa. Huyo atafute aspidistra, ule wa majani mapana marefu ya kijani kizito yanayotoka moja moja kwenye udongo, unakua taratibu mno, labda majani machache kwa mwaka, unavumilia kivuli na kusahauliwa, na hauna sumu kwa paka wala mbwa. Ukiupata uangalie kama chungu kina tundu chini, ukifika nao usiumwagilie siku hiyo hiyo, uache wiki uzoee, ingiza kidole, na wakati unasubiri fungua dirisha.